Nusu Paa

Fundi Mihayo alipanda ngazi, akagonga boriti kwa nyundo,
unga wa mchwa ukamwagika juu ya meza ya Bwana.
Akashuka, akakung'uta kofia:
"Mninga wa wazee bado ni mninga.
Ila kenchi hizi za juzi, na bati hizi!
Mnasali chini ya chujio."
Milioni nne na laki mbili.
Nikaandika. Mimi ndiye mhazini.
Miaka kumi na tisa niliandika uzito wa tumbaku pale chamani Usoke;
najua mzani unavyodanganya mtu,
na mtu anavyoudanganya mzani.

Tulianza na bahasha.
Zikarudi nyembamba kama karanga za mwaka wa jua.
Ahadi ndizo zilizonenepa: Mzee Kapela
alisimama akaahidi saruji, mifuko kumi, tukampigia makofi.
Akaleta mmoja, umeshaganda.
Mlinzi anaukalia mpaka leo.

Ndipo mnada, baada ya ibada,
kando ya kipande cha reli tunachokigonga kuwa kengele.
Debe la karanga. Ndoo ya asali ya Shija, nyuki wawili wamefia juu.
Jogoo mwekundu aliyenunuliwa mara tatu,
mara tatu akarudishwa mezani,
mpaka akajilaza ubavu mwenyewe, amechoka kununuliwa.
Na yai la Bibi Nyanzala, moja,
limefungwa kwenye pindo la khanga.
"Nani ana mia tano?" Mwinjilisti Lutula aliliinua juu.
Likauzwa, likarudi. Likauzwa, likarudi.
Lilipopasukia mikononi mwa kwaya ya vijana
lilikuwa limefika elfu thelathini na nane.
Bibi Nyanzala akauliza: "Sasa yai langu analipa nani?"
Tukacheka. Yeye hakucheka.
(Nililipa mimi, mia nne. Haimo kitabuni.)

Usiku nikahesabu mezani kwangu.
Sarafu zinanuka dagaa, noti zinanuka moshi wa bani,
na elfu mbili moja, imekunjwa mara nane,
haina jina, ndani yake mbegu za tumbaku
laini kama vumbi. Nilizipuliza, kisha nikajuta.
Jumla: milioni mbili, elfu kumi na moja, mia tano.
Nusu paa.

Nusu ipi?
"Kuume," walisema akina baba, "Maandiko yako wazi,
kuume ndiko kwa heshima," na kuume wanakaa wao.
Milembe akasimama na mtoto mgongoni:
"Karanga zile zililimwa na mgongo wa nani?"
Kikao kikala mafuta yote ya taa.
Tukapiga kura gizani, kwa kunyoosha mikono;
Lutula alihesabu kwa kuipapasa.
Akina mama tuko wengi. Imekuwa hivyo siku zote.

Novemba ikatukuta hivyo:
kushoto bati jipya linaumiza macho,
kuume mbingu inachungulia kama jirani.
Mvua ya kwanza iliangukia katikati ya mahubiri.
Tone likachagua kipara cha Kapela.
Akahama, Biblia kwapani, kama mtu anayekwenda msalani.
Akafuata Shija. Kisha benchi zima.
Wakajipenyeza popote penye upenyo,
na Baba Doto akajikuta ubavuni mwa Mama Doto,
ambaye hajakaa naye benchi moja humu ndani
tangu siku ya ndoa yao.
Mama Doto akampakata mtoto kumpisha,
hakumtazama, akamfuta bega kwa ncha ya khanga.

Bati lilinguruma. Mdomo wa Lutula ulicheza, hatukusikia neno.
Tulikaa tu, magoti yamegusana, tunanuka nguo mbichi.
Pembeni yangu palibaki nafasi ya mtu mmoja.
Nikaweka daftari.

Januari mchungaji aliulizia bahasha za nusu ya pili.
Akina baba wakatazamana.
"Haraka ya nini?" akasema Kapela.
Nikafungua ukurasa wake, nikaandika:
mifuko tisa, bado.