Mchana Tikiti

Mchana nauza dawa za kikohozi karibu na kituo cha treni,
jioni nachana tikiti.
Hapa Kutaisi, Oktoba, mvua haiombi ruhusa,
na tamasha letu la filamu limepewa ghala
lililokuwa kiwanda cha soksi:
viti sitini vya kuazima, vya rangi nne,
na skrini ni shuka tatu alizoziunga Tsiala
kwa mshono ambao, ukikaa kushoto,
humkata kila mwigizaji shingo.

Zurabi, mwandika ripoti ya manispaa, alinionya mapema:
"Wakija kumi, andika arobaini.
Ruzuku haili ukweli."
Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa hakina sahihi.

Wakaja kumi na mmoja.
Wanafunzi wawili waliokimbia mvua,
mama mmoja na mfuko wa mbegu za alizeti,
mwongozaji mwenyewe, Nestani, kucha amezitafuna hadi nyama,
jamaa zake watano waliolazimishwa,
mlevi mmoja mwenye adabu,
na Gurami, ndani ya suti ya harusi za watu,
aliyekataa kiti cha mbele:
"Mimi nimezoea kukaa karibu na mlango."

Filamu ni yake. Yaani, ni yeye:
mlinzi wa lifti katika jengo la ghorofa tisa,
anapokea sarafu, anabonyeza, anapanda, anashuka,
dakika sabini na moja,
bila muziki, bila bastola, bila busu.
Nestani aliirekodi kwa kamera ya kuazima
na mkopo ambao hadi leo unambishia hodi.

Lifti ikapanda. Lifti ikashuka.
Mlevi akacheka mahali pasipo kichekesho,
kisha sote tukaona kwamba kilikuwapo.

Dakika ya arobaini na tatu, ghorofa ya sita,
mlango ukafunguka, akaingia mwanamke
na sufuria iliyofungwa taulo.
"Gurami, maharage hayangoji ustaafu wako."
Mlango ukajifunga.
Sekunde tisa.
Mbegu za alizeti zikanyamaza.
Mji wetu mdogo; sote tulimzika Machi.
Mshono wa Tsiala ulipita kando yake, haukumgusa.

Taa zilipowashwa, mwanafunzi akauliza
kama lifti ni sitiari ya taifa.
Nestani akajibu vibaya.
Ndipo Gurami akanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza:
"Pale. Baada ya maharage. Alisema nini tena?
Mimi nakumbuka aliendelea."

Nestani aliishika mikrofoni kana kwamba inamuunguza.
Alikuwa amekata.
Mota ilikoroma juu ya maneno yake,
na majaji, alisema, hawapendi kelele.
"Lakini sijafuta. Imo humu," akapapasa begi
kama mtu anayehakikisha mtoto bado amelala.

Filamu ya pili ilikuwa saa mbili kamili,
ya vijana wa Batumi, ya kutisha, damu ya juisi ya komamanga.
Foleni ilishafika duka la viatu,
watu, kwa kweli, kama arobaini,
maji yakiwatiririka shingoni.

Ndani, projekta iliwaka tena kwa kiti kimoja.
Sikuingia. Kupitia ubao wa mlango nilisikia mota,
na chini ya mkoromo sauti ya mwanamke
ikisema jambo refu, la kawaida,
nadhani kuhusu chumvi.
Kisha tena, kutoka mwanzo.
Kisha tena.

"Mbona hamfungui?" kijana wa mbele akafoka.
"Saa mbili imepita!"
Nikauegemea mlango kwa mgongo.
"Projekta imepata joto," nikasema. "Inapoa. Vumilieni."

Usiku, kwenye mstari wa filamu ya kwanza,
niliandika kumi na mbili.
Zurabi aliitazama namba ile, akakuna kidevu.
"Ndogo mno kwa uongo," akasema,
"na kwa ukweli imezidi moja."
Nikamrudishia kalamu yake.