Vipimo vya Kiwanda, Shimanzi

Mwenye jengo anataka michoro kabla ya Ijumaa.
Atatoboa madirisha, atatia lifti, atapangisha.
Basi tumeingia na utepe, penseli, tochi mbili,
mimi na Tsuma, ambaye anaogopa popo
na hataki nimwambie mtu.

Andika, Tsuma.
Mnara wa shayiri: ghorofa nne,
sakafu ya chuma yenye matundu kama kung'uto.
Kila kitu hapa kilipandishwa juu mara moja tu,
kisha kikaachiwa kiteremke chenyewe:
nafaka, maji, povu.
Aliyelichora alikuwa mvivu, wa ule uvivu wa wajuzi.

Chumba cha masufuria. Shaba ilishauzwa zamani,
yamebaki maduara mawili sakafuni,
mapana kuliko ukumbi wetu wa Majengo,
meusi kama doa la chungu kwenye mkeka.
Sakafu inainama upande mmoja, kidogo, huoni kwa macho;
ukimwaga maji popote, yanaujua mlango.
Nimemwaga ya chupa yangu, nihakikishe.
Yalikwenda.

Bibi yangu Mwanasha alipopita barabara hii
alijitanda buibui hadi puani, akavuka upande wa pili
asinuse kimea kikichemka.
Na aliyezipandisha kuta hizi ni mumewe,
fundi Bwanaheri wa mwiko na timazi,
mtu ambaye hata togwa iliyolala hakuigusa.
Nyumbani alisema, "Najenga nyumba ya barafu."
Mpaka anazikwa alisema hivyo,
na bibi alikubali, kama mtu akubalivyo chenji pungufu
kwa muuza duka atakayemhitaji kesho.

Sasa chumba cha chini.
Tsuma anagonga ukuta, ukuta unaitika kwa sauti ya mtungi.
Pima tena. Futi tatu na inchi saba?
Pana ufa. Namulika.
Si ukuta mmoja, ni kuta mbili zimepeana migongo
kama wanandoa walionuniana,
na kati yao kumeshindiliwa makumbi ya nazi,
makavu, bado yananukia shamba.
Makumbi! Ili joto la Mombasa libaki nje
na baridi ikae na kilicho chake.
Jengo zima, mzigo wote huu wa chuma na mawe,
limekizunguka chumba kimoja cha baridi
kama embe lizungukavyo kokwa.
Babu hakusema uongo.
Alisema theluthi ya ukweli, akaipiga lipu.

Saa tisa u nusu. Upande wa kaskazini, nyuma ya ngazi,
tumekuta kitu kisichokuwamo katika ramani ya zamani:
kidaka, urefu dhiraa mbili, kina kiganja,
upindo wake umechongwa kwa tumbawe laini,
lile linalokatwa likiwa bado bichi.
Hakibebi uzito. Hakipitishi hewa wala bomba.
Taa? Hakina masizi.
Ila mbele yake mawe ya sakafu yamelainika
mahali pawili, sawa na magoti,
na mbele kidogo, pamoja, sawa na paji la uso.

Tsuma, mtoto wa kanisa kutoka Mariakani,
anauliza kama lilikuwa kabati.
Nimeishika penseli muda mrefu.
Kaskazini ya mji huu nimeijua tangu chuoni,
kabla sijajua kusoma dira.
Wangapi walisimama hapa, mikono imenawa haraka,
hamira ikifurika upande wa pili wa ukuta,
msimamizi akidhani wamekwenda kuchota maji?
Na yeye aliyekichonga,
alimwambia nani?

Mwenye jengo ametia alama nyekundu hapa hapa: lifti.

"Niandike nini?"
Andika: kidaka, kimoja.
Andika: ukuta huu unabeba paa lote. Usiguswe.
Tsuma anaitazama dari, anautazama ukuta.
"Unabeba?"
Andika, Tsuma.