Daftari la Mafua, Kisosora

Miaka kumi na tisa naandika vikohozi vya watu.
Safu ya kwanza jina, ya pili umri, ya tatu mtaa,
ya nne kile mtu alichokuja nacho kifuani.
Kalamu yangu ya buluu. Nyekundu ni ya mtabibu.

Ukizifunua kurasa haraka, kama mtoto anayezichezea,
utayaona mafua yakitembea:
Februari hayapo, watu wana joto na majipu;
Aprili mistari imebanana hadi pambizoni;
Juni, Julai, yamo bado, yamevaa sweta;
Septemba yanachujuka, mmoja, wawili,
kama watu wa matangani siku ya tano.

Yanakwenda wapi?

Semkiwa, ashushaye machungwa ya Muheza kwa baiskeli,
hulaumiwa kila Juni: chungwa la asubuhi, ndilo hilo.
"Na mafua ya Aprili," huniuliza, "nani kayapakia?
Chungwa la Aprili bado kijani kama chura."
Naye nimemwandika. Semkiwa, 41, Mwanzange, kikohozi.

Mtabibu Shemboza husema taratibu:
kwenye nchi za barafu hewa hukauka,
tone la chafya hunywea, likawa jepesi, likaelea,
na pua kavu hupasuka kama tope la jaruba.
"Lakini hapa," nikamwambia, "hewa ya Aprili unaweza kuikamua."
Akacheka. Akakuna shingo.
"Hapo sasa. Hapo hata vitabu vinavutana."

Siku moja ya masika nilimfuata mjukuu chuoni.
Mvua ya kuziba masikio. Madirisha yamezibwa magunia ya mkonge,
mlango umeegemezwa tofali.
Ndani watoto thelathini na nne, juzuu tisa,
vichwa vinne vinne juu ya kila juzuu,
harufu ya nguo mbichi na mafuta ya nazi.
Mmoja akapiga chafya, akahimidi.
Wote wakavuta pumzi, wamwombee rehema.

Nilisimama mlangoni, maji yananichuruzika,
naiona safu yangu ya nne ikijazwa.
Kumbe mvua haileti mafua.
Mvua hutufungia nayo ndani.

Ila vuli nayo ni mvua. Magunia yaleyale, juzuu zilezile,
na Novemba daftari linapumua.
Hili lilinisumbua miaka miwili,
mpaka jirani yangu Mwajabu alipopaka nyumba chokaa ya Amboni.
Mwezi wa kwanza weupe unaumiza macho.
Mvua ya kwanza haiing'oi. Ya kumi huikwangua.
Mwaka ukizunguka, udongo unachungulia.

Nadhani kifua ni ukuta wa Mwajabu.
Aliyeugua Aprili amekwisha kupakwa;
kirusi cha Novemba kinagusa weupe, kinateleza.
Kinangoja. Au hakingoji, hakina akili hiyo,
kinapita tu pua hadi pua, kikibadili kofia,
mpaka masika yatukusanye tena
na chokaa imekwisha.

Mwaka ule shule zilipofungwa, Aprili ilikuwa tupu.
Nilidhani nimesahau kuandika.
Yakaja mwaka uliofuata, Septemba, yamepotea tarehe,
yakawakuta watoto wa miaka miwili
wasiopakwa hata mara moja.
Mjukuu wangu Mwinyihija alikuwa miongoni mwao,
mbavu zikihesabika kila anapovuta.
Jina lake nililiandika mwenyewe. Mwandiko umepinda.

Nimesema nadhani. Mimi karani.
Waliolichora daftari hawakuacha safu ya sababu.

Lakini kesho nitakwenda kwa ustadhi
nimwombe atoe magunia mawili, ya upande wa bara,
kwa kuwa mvua yetu hupigia baharini,
na bati la kukinga nitanunua mie.
Atanung'unika, juzuu zitalowa.
Zilowe kidogo.
Aprili ijayo nitahesabu.