Ulikula Nini?

Huanzia hapa, chini ya mfupa wa kifua,
pale panapoitwa chembe cha moyo,
kama mtu ameegesha pasi ya makaa
akatoka kwenda kupiga soga na jirani.

Si maumivu hasa, nilimwambia Tabibu Nafuna.
Ni pilipili iliyosahau njia ya kushuka.
Nikiinama kufunga kamba za viatu, inapanda.
Nikilala chali, inapanda.
Saa nane usiku, Umoja yote imenyamaza
isipokuwa jenereta ya baa na mbwa wa mwenye baa,
nami nimekaa kitandani, mito mitatu mgongoni,
nacheua maji makali kama ndimu ya juzi.
Ugali, matonge mawili tu, nimeshiba,
tumbo limewambwa kama ngoma.
Mbweu juu ya mbweu.
Mke wangu amehamia chumba cha watoto.

Nilidhani ni moyo. Binamu yangu Mutisya
alianza hivi hivi, akaanguka kwenye ngazi za benki.

Alinibonyeza tumbo kwa vidole vya baridi.
"Moyo wako mzima. Ulikula nini?"

Mutura, nikasema, kwa Karugu, karibu na kinyozi,
saa nne usiku, na kachumbari yenye hasira.
"Na mchana?"
Chapati madondo. Nimesimama. Dakika saba,
mkono mmoja ukipanga risiti.
"Kahawa?"
Ya yule kijana wa birika. Vikombe vitano.
"Dawa?"
Za mgongo, za duka la kona,
mbili kila asubuhi kabla sijatia kitu kinywani.
Kalamu ikakwaruza karatasi
kama panya aliyepata mkate.
"Na nini kingine?"

Nikatazama bango ukutani: mfuko wa waridi
umejikunja kama soksi ya mtoto.

Lugha yetu ina ulafi, jamani.
Mtu hula kiapo, nami nilikila, Januari,
mbele ya wanachama kumi na tisa,
Kerubo ameshika daftari,
Mama Syombua ananikagua meno.
Mtu hula hasara. Hula njama,
hata peke yake ikibidi.
Na elfu arobaini na mbili za chama,
za Nyaboke muuza omena, za Wanjala fundi baiskeli,
noti zenye harufu ya samaki na grisi,
hazina mfupa, hazina mwiba.
Nilizila kidogo kidogo. Karo. Kodi.
Kisha viatu, hivi hivi ninavyoinamia.
Ziliteremka laini. Hata maji sikuhitaji.

"Ni hayo tu," nikamwambia.

"Basi hizo za mgongo zinakukwangua, ziache.
Kula mapema. Kula umekaa. Tafuna.
Mafuta na kahawa, punguza.
Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu,
usingoje kupambazuke.
Una mawazo?"
Nani hana mawazo Nairobi?
Akacheka, akageuza ukurasa,
akanipa vidonge vyeupe vya kutafuna,
ladha yake chaki ya darasa la tatu.

Wiki mbili sasa. Nala saa kumi na mbili u nusu,
natafuna hadi mke wangu ameuliza
kama nimeng'oka jino.
Amerudi chumbani.
Moto umezimika, kabisa. Nalala chali kama ubao,
na hapo ndipo ninapoogopa,
gizani, mkono juu ya tumbo lililotulia:
nilikuwa nimelitegemea linishtaki.

Jumapili tunakutana nyuma ya saluni ya Kerubo.
Daftari litafunguliwa, au litaahirishwa tena
kwa sababu mweka hazina alikuwa mgonjwa,
maskini, mmeona alivyokonda?
Nyaboke atanisogezea sahani ya mandazi.
Nitachukua mawili.
Yatashuka.