Daftari la Gamaliel Prowse

Salem, mwezi wa pili, baridi ya kupasua mawe.
Wino umeganda. Nimeuweka kwapani
kama kuku anavyoatamia yai lake moja,
huku Stukely na Bwana Hathersage
wakipita chumba hadi chumba wakitaja bei,
nami naandika.

Kitanda cha manyoya na mapazia yake, pauni sita.
Sufuria tatu za shaba, moja imetoboka, shilingi kumi na moja.
Miwani ya marehemu: hapa Stukely anasita,
anaivaa, anachungulia dirishani,
anasema haoni kitu. Peni nane.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Basi huyu hakupoteza hata msumari.
Alishuka hapa mwaka wa thelathini na nne,
mtoto wa mfumaji sufu wa Dorset,
ametapika njia nzima tangu Weymouth,
na kasha la sindano, vifungo, na ndoano elfu mbili
alizozihesabu kila Jumatatu alfajiri.
Nimeziona hesabu hizo. Elfu mbili. Elfu mbili.
Elfu moja mia tisa tisini na tisa,
na pembeni, kwa herufi ndogo: moja kidoleni mwangu.
Ndiyo mara pekee aliyofanya mzaha
katika miaka ishirini na saba.

Chewa wa daraja la kwanza, Bilbao, kwa Wakatoliki
ambao mchungaji wetu huwalaani kila wiki
na ambao Ijumaa zao zisizo na nyama
ndizo zilizoezeka paa juu ya kichwa chake.
Chewa wa pili, Madeira, urudi mvinyo.
Chewa waliovunjika, walioungua jua, wenye harufu,
hao Barbados, walishwe watumwa wa miwa,
irudi sukari.
Nilipewa donge la sukari hiyo
siku niliyojifunza kujumlisha bila vidole.
Nisiseme uongo: ilikuwa tamu sana.

Ukurasa wa arobaini. Blanketi jekundu
kwa mtu wa mtoni, kwa ahadi ya ngozi kumi za biva.
Biva hawakuja. Mwaka ule ilikuja ndui.
Deni huzaa haraka kuliko mbuzi,
na kufikia ukurasa wa hamsini na mbili
malisho yote, toka kijito hadi mwaloni uliopigwa radi,
ni ya Prowse. Yule mtu hakuandika jina.
Alichora fisimaji: mkia, masharubu, kila ukucha.
Hakuna achoraye hivyo katika mji huu.
Bwana Hathersage anauliza nimekwama wapi.
Kwenye malisho, nasema.
Pauni arobaini, anasema.

Jikoni, mjane Thomasine amekalia kasha
asilotaka lifunguliwe. Wamelifungua.
Nguo za watoto watatu, hazikuchakaa.
Daftari linawajua hivi: mbao, misumari, mchimbaji,
na shilingi ya ziada kwa kuwa ardhi ilikuwa imeganda.
Mara ya tatu kalamu imechana karatasi,
na hapo peke yake, katika kitabu kizima,
hakuna jumla.

Endelea, anasema Stukely.
Gurudumu la kusokotea, shilingi tatu.
Ng'ombe mweusi mwenye mimba, pauni nne.
Dinah, pauni ishirini na mbili.
Birika la bati, shilingi mbili.

Dinah amesimama kando ya moto, ufagio mkononi.
Anajua tarakimu. Mimi ndiye niliyemfundisha,
kwa kidole katika majivu, juu ya jiwe la jiko,
usiku mtu huyu alipokuwa Boston akiuza mbao.
Sasa anausoma mkono wangu kichwa chini miguu juu,
midomo ikimchezacheza.
"Mbili na mbili," anasema polepole.
"Umeziandika vizuri."

Wino umeyeyuka. Unatiririka kuliko nilivyotaka.
Kesho nitanakili upya kwa ajili ya mahakama,
mwandiko safi, pasipo doa,
na atakayefungua ataikuta mali yote, haijapungua.

Jumla, pauni mia tatu na tisa, shilingi kumi na tano, peni nane.
Nimejumlisha bila vidole.