Tisini na Sita kwa Nne

Naliendele, chumba cha nyuma, feni imekufa tangu Jumanne.
Mezani pana korosho moja. Naichora.
Imepinda, ndiyo, lakini haina siri:
mtoe pacha wake kiooni,
mgeuze, mlaze juu yake, ni yuleyule.

Mkono sivyo.
Wa kushoto hauingii glavu ya wa kulia
hata uubembeleze mpaka alfajiri.
Na molekuli niitafutayo ina tabia ya mkono:
atomi zilezile, hesabu ileile,
ila huyu hunukia nanaa, pacha wake kisibiti;
na wapo mapacha ambao mmoja ni dawa
na mwenzake usiombe.

Kaboni ya kawaida ina mikono minne
na yote ina kazi.
Hii yangu nimeinyima miwili,
nimeiketisha kati ya naitrojeni mbili
kama mwali kati ya makungwi,
ishikiliwe, isiropoke mbele ya hewa wala unyevu.
Halafu najenga ukuta upande mmoja wa mlango,
matawi manene, hapa, na hapa,
ili mgeni akija asipate pa kupita
ila kushotoni.

Mara ya kwanza: hamsini kwa hamsini.
Ya sita: sabini kwa thelathini. Ukuta mfupi. Nikaongeza.
Ya kumi na moja ukuta ukawa mrefu mno,
hakuingia mtu.

Bibi Somoe aliufunga mkono wangu huu kwa kipande cha kanga
nile ubwabwa kwa ule mwingine.
"Wa kushoto ni wa chooni," na mwiko ukatua.
Hakuwa mkatili.
Vidole vyake mwenyewe vilibabuka kwa mafuta ya maganda,
vyote kumi,
na kiwanda hakikuuliza kipi ni cha mkono upi.

Leo Mkwemba kaja mbio na karatasi ya mashine,
ameiwahi kabla umeme haujakatika:
kushoto tisini na sita.
Kulia nne.

Yeye anataka soda, anataka tupige makofi.
Mimi nawatazama wale wanne,
walivyopenya, sijui wapi,
na ukuta wote ule.
Nachukua kalamu, kwa mkono uleule,
nasita kidogo
kabla ya kuuchora upya.