Nukta Tatu za Shavuni

Arobaini na nane kwenda kando,
arobaini na nane kwenda chini:
ndilo shamba nililokatiwa, nipande humo uso wa mtu.
Nyeusi au nyeupe. Kijivu hakuna.

Kadi za wakulima wa zabibu wa Hombolo
zinasafiri kwa meseji, maana huko mtandao
unaupata ukipanda juu ya tangi la maji.
Meseji moja hubeba baiti mia na arobaini.
Uso ukiwa haujakunjwa ni karibu mara mbili yake.

Basi usiku, Kizota, feni ikilalama,
naifundisha programu kubahatisha.
Mtazame jirani wa juu, naiambia, mtazame wa kushoto.
Wakiwa weupe wote, sema mweupe.
Ukipatia, kaa kimya.
Ukikosea, andika.

Kwenye paji inapatia. Kwenye mashavu inapatia.
Inaanza kuandika penye nyusi,
penye kona ya mdomo,
penye pengo la Chalula, aliyecheka kabla sijahesabu tatu.
Kumbe faili la mtu ni orodha
ya mahali alipotushangaza.
Hilo sikumwambia mtu.

Nyuso mia sita na kumi na moja zikaenea.
Ya Sechelela Mnyambwa ikagoma:
mia arobaini na tatu.
Ana chanjo la duara katikati ya paji, la zamani,
na programu kila ikilifikia
inasema mweupe, mweupe, mweupe,
kisha inajikwaa.
Chini yake, shavu la kushoto, nukta tatu zimesimama peke yake.

“Vumbi hilo,” akasema Masima wa meza ya pili.
“Septemba hii, lenzi ipi haina vumbi? Futa, tulale.”

Huenda ni vumbi. Huenda ni baka.
Mimi sijui, na programu haijui,
na kwa kuwa haijui
haina ruhusa ya kuchagua.
Leo nikifuta nukta, kesho nitafuta chanjo,
keshokutwa nitawapa wote paji moja, safi,
la mtu asiyekuwepo.

Nikakesha siku mbili.
Nikaifundisha kutazama jirani wa pili, na wa pili wake,
hadi ikaanza kuhisi duara linapokuja.
Mia arobaini na moja.
Mia na thelathini na tisa.
Nikaikunja, nikaikunjua, nikalinganisha nukta kwa nukta.
Tofauti: sifuri.
Nikanywa chai iliyokwisha kupoa.

Jumamosi nikazipeleka kadi mwenyewe.
Sechelela akaisogeza yake karibu na jicho, akaisogeza mbali.
Chanjo akaliona, hakusema kitu.
Kisha kidole kikashuka shavuni.
“Na hizi?”

“Vumbi, nadhani.”

Akalamba dole gumba, akaisugua kadi.
Hazikutoka.
Akajifuta shavu.